Ani DiFranco, Ingrid Michaelson au Adrianne Lenker: uanze na nani?

Ukianza kupenda muziki wa mwanamke anayejitungia nyimbo, akapiga ala yake mwenyewe na kuimba mambo yaliyompata, haichukui muda kabla hujakutana na majina haya matatu. Wote ni Wamarekani. Kila mmoja, kwa njia yake, amekataa kuukabidhi muziki wake kwa kampuni kubwa. Wote wanaimba mapenzi yaliyovunjika, wazazi, mwili, upweke, na ule woga ambao wengi wetu huumeza tukaendelea na kazi. Ukisoma maelezo yao mafupi kwenye programu za kusikilizia muziki utadhani ukimpata mmoja umewapata wote.

Sivyo. Nimeishi na nyimbo zao kwa muda mrefu na nawapenda wote watatu, lakini mtu anayempenda mmoja anaweza kabisa kushindwa kumvumilia mwingine. Nimeona watu wakiuacha muziki wa aina hii moja kwa moja kwa sababu tu walipewa wa kwanza asiyewafaa. Ndiyo maana nawaweka hapa sambamba, nikitumaini utakapomaliza kusoma utajua uanze kubonyeza wapi.

Kipimo changu kikuu ni umbali: mwimbaji anakuweka wapi wakati anaeleza mambo yake ya ndani? DiFranco anakukabili uso kwa uso. Anakwambia, na anasubiri uone aibu au ufurahi pamoja naye. Michaelson anaacha nafasi wazi katikati ya wimbo ili uingie na habari zako mwenyewe. Lenker hakusemeshi wewe hata kidogo. Anaimba kwa mtu mwingine, mtu anayemfahamu kwa jina, na wewe umesogezwa karibu mno, hadi unasikia kidole kikiteleza juu ya uzi wa gitaa. Nyimbo zao zote ni za binafsi. Tofauti ni nafasi unayopewa wewe msikilizaji, na hiyo ndiyo itakayoamua kama utarudia albamu au utaizima kwenye wimbo wa tatu.

Nani anamiliki nini

Uhuru wa hawa watatu haufanani, na tofauti hiyo inasikika ndani ya nyimbo zenyewe, kwa hiyo naomba uvumilivu kidogo nieleze.

DiFranco ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Alizaliwa Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1970, na alianza kuimba kwenye baa za mji huo akiwa bado mtoto. Mwaka 1990 alitoa albamu yake ya kwanza kwa lebo aliyoianzisha mwenyewe, ile ambayo baadaye ilijulikana kama Righteous Babe Records. Aliiuza mkononi kwenye maonyesho yake, mji baada ya mji. Lebo kubwa zilipokuja kubisha hodi alizikatalia, na hakuishia kukataa kimyakimya. Kwenye albamu ya *Not a Pretty Girl* ya mwaka 1995 kuna wimbo, "The Million You Never Made", unaomjibu mkubwa wa kampuni ya muziki ana kwa ana: mamilioni uliyotarajia kuyapata kupitia kwangu, hutayaona. Ajabu ni kwamba aliposifiwa kwa ujasiri huo wa kibiashara hakufurahi. Mwaka 1997 aliliandikia jarida la Ms. barua ya wazi akilalamika kwamba limehesabu pesa zake badala ya kusikiliza nyimbo zake. Mimi naiheshimu sana barua ile. Inaonyesha kwamba lebo haikuwa shabaha. Ilikuwa njia ya kuwa na neno la mwisho juu ya kila ubeti.

Baadaye, pale Buffalo, yeye na wenzake wa lebo waliliokoa kanisa la zamani lililokuwa hatarini kubomolewa, wakalifanya ukumbi wa muziki na makao ya lebo. Wasanii wengine wamepita chini ya lebo hiyo, na mmoja wao nitamtaja mwishoni.

Lakini uhuru huo una gharama ambayo mgeni anapaswa kuijua mapema. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia "subiri kwanza", DiFranco ametoa albamu zaidi ya ishirini, na katika miaka ya 1990 ilikuwa karibu kila mwaka. Ukiingia bila mwongozo utapotea. Zipo albamu zenye nyimbo tatu za moto na nyingine nane zilizohitaji miezi kadhaa zaidi.

Michaelson, aliyezaliwa Staten Island mwaka 1979, naye ana lebo yake, Cabin 24 Records. Safari yake lakini ilikuwa ya kizazi cha intaneti. Nyimbo zake zilisikika kwenye mtandao wa kijamii wa MySpace, zikapata njia ya kuingia kwenye tamthilia ya televisheni ya *Grey's Anatomy*, na mwaka 2007 wimbo wake "The Way I Am" ukatumika kwenye tangazo la sweta la duka la Old Navy. Ulipanda hadi nafasi ya 37 kwenye chati ya Billboard Hot 100. Kwa mtu aliyetoa albamu yake bila kampuni kubwa nyuma yake, hilo lilikuwa jambo la kushangaza, na wasanii wengi wadogo waliokuja baadaye waliifuata njia hiyohiyo ya televisheni. Miaka mitano baadaye albamu yake *Human Again* iliingia Billboard 200, chati ya albamu, moja kwa moja kwenye nafasi ya 5.

Njia hiyo imeacha alama kwenye utunzi wake. Nyimbo zake nyingi ni fupi, zina wazo moja, na hazina tukio mahususi linaloweza kugombana na picha iliyo kwenye skrini. Wengine huliona hilo kama udhaifu. Nitarudi hapo, kwa sababu sikubaliani nao.

Lenker hana lebo yake. Albamu zake za karibuni zimetoka 4AD, lebo huru ya Uingereza iliyoanza mwaka 1980, na kabla ya hapo alikuwa na Saddle Creek ya Marekani, peke yake na pamoja na bendi yake ya Big Thief. Kwake uhuru uko kwenye namna ya kurekodi: chumba gani, mtambo gani, nani awepo na nani asiwepo.

Kama unachotafuta ni msanii huru kwa maana kamili ya kumiliki kazi yake toka mwanzo hadi leo, basi huna haja ya kufikiri sana. Chukua DiFranco.

Maneno: nani anasema nini, na anakisemaje

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, maana muziki wa namna hii husimama au kuanguka kwa maneno yake.

DiFranco hafichi. Kwenye albamu yake ya kwanza kabisa, akiwa binti wa miaka kama ishirini, aliweka "Lost Woman Song", wimbo kuhusu kutoa mimba. Hauanzi na hoja wala mahubiri. Unaanza na akaunti ya benki aliyoifungua akiwa mtoto wa miaka tisa na kuifunga akiwa na kumi na nane, akakabidhi kila senti aliyokuwa ameiweka. Ukishausikia ubeti huo, mjadala wote wa kisiasa unaofuata una uso wa mtu. Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Anajua kwamba jambo la siri likielezwa kwa hesabu ya kawaida ya maisha, pesa, tarehe, foleni, linakuwa zito kuliko likielezwa kwa machozi.

Kisha kuna *Dilate* ya mwaka 1996, albamu ya mtu anayempenda aliye na mwingine. Wimbo wake maarufu pale, "Untouchable Face", una tusi ndani ya kiitikio, na hilo nakutahadharisha kama utasikiliza mbele ya wazazi au watoto. Lakini sikia anavyoliimba: polepole, kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza. Hasira na mapenzi vimekaa ndani ya neno moja na hakuna kimojawapo kinachoshinda. Ni waimbaji wachache mno ninaowajua wanaoweza kulifanya hilo bila kuonekana wanaigiza.

Ugumu wake kwa msikilizaji wa Kiswahili ni kasi. DiFranco hujaza maneno mengi kwenye mstari mmoja, hukata sentensi katikati na kuruka kwenda wazo lingine. Hata mwenye Kiingereza kizuri hukosa mambo mara ya kwanza. Sikiliza huku ukisoma mashairi, angalau kwa nyimbo tano za mwanzo. Baada ya hapo sikio litamzoea.

Michaelson ni kinyume chake kabisa. Kiingereza chake ni cha mezani, na huhitaji kusoma chochote pembeni. "The Way I Am" ni wa dakika mbili na kidogo tu, na ndani yake mapenzi yanaonyeshwa kwa huduma ndogondogo: ukisikia baridi atakupa sweta, ukichana nguo atakutilia viraka, ukianza kupata upara atakununulia dawa ya nywele. Basi. Hakuna nyota wala mwezi. Anayesema wimbo huu ni mwepesi ajaribu kuandika wa kwake, aone jinsi ilivyo kazi kutaja upara katika wimbo wa mapenzi na bado msikilizaji akaguswa.

"Keep Breathing" unakwenda mbali zaidi. Nusu yake ya pili ni mstari mmoja tu unaorudiwa, kwamba kitu pekee ninachoweza kufanya sasa ni kuendelea kuvuta pumzi, na kila unaporudi ala zinaongezeka. Hatujaambiwa ni msiba gani. Hatujui nani kaondoka. Na kwa kuwa hatujui, aliyefiwa, aliyeachwa na aliyefukuzwa kazi wote wanaweza kuushika wimbo huo bila kumwomba mtu ruhusa. Hii ndiyo nafasi wazi niliyoitaja mwanzo. Wanaomwita mwepesi wanaisikia nafasi hiyo kama upungufu. Mimi naisikia kama ukarimu, na ni ukarimu uliopimwa: anajua ni kitu gani cha kuondoa ili wewe uingie.

Kuna hatari yake, hata hivyo, na lazima niiseme. Akilegea kidogo, Michaelson anakuwa mtamu kupita kiasi. Baadhi ya nyimbo zake za ukulele na makofi, ukizisikiliza tano mfululizo, zinachosha. Ndiyo maana albamu yake ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo maisha hayakumruhusu kuwa mtamu: *It Doesn't Have to Make Sense* ya mwaka 2016, iliyokuja baada ya kufiwa na mama yake na ndoa yake kuvunjika. "I Remember Her", wimbo wa kumkumbuka mama, hauna ujanja wowote. Anakumbuka, anataja, ananyamaza. Kwa aliyezika mzazi, sijui kama kuna wimbo wa kumpa ulio salama kuliko huo.

Lenker anaimba kwa mafumbo. Msikilizaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili ana faida hapa ambayo pengine haijui. Tumezoea shairi ambalo halikupi maana yake siku ya kwanza, tumezoea mtunzi anayemtaja ndege huku anamaanisha mtu. Katika "ingydar" kuna farasi amelala bandani, na kutoka kwake wimbo unakwenda polepole hadi kwenye wazo kwamba kila kinachokula nacho huliwa, na wakati ndio unaoshiba. Hakuna anayekueleza farasi huyo ni nani. Ukilazimisha jibu moja unauharibu.

Lakini asikudanganye mtu kwamba Lenker ni wa mafumbo matupu. "anything" ni wimbo uliojaa vitu halisi: maji ya embe yanayochuruzika, mkono ulioumwa na mbwa na safari ya hospitali, mkesha wa Krismasi na familia, orodha ya vitu vya kununua dukani. Ni kumbukumbu za mapenzi yaliyokwisha, zimemwagwa bila mpangilio, namna kumbukumbu zinavyokuja kweli mtu anapojaribu kulala. Kisha kinakuja kiitikio, naye anasema hataki kuzungumza juu ya chochote. DiFranco angelizungumza jambo hilo mpaka mwisho. Michaelson angelifupisha hadi sentensi moja ya kila mtu. Lenker anaviweka vitu mezani na kukataa kuvieleza. Kama unataka kuwaelewa hawa watatu kwa haraka kuliko makala yoyote, sikiliza "Untouchable Face", "Keep Breathing" na "anything" kwa kufuatana. Maumivu ni ya jamii moja, njia ni tatu.

Gitaa, sauti, na chumba

DiFranco hubandika kucha za bandia kwenye mkono wa kulia, na huzitumia kupiga nyuzi kwa nguvu kiasi kwamba gitaa lake linafanya kazi ya ngoma pamoja na kazi ya gitaa. Hulityuni kwa namna nyingi zisizo za kawaida, ndiyo maana anayejifunza nyimbo zake kwa kukisia mara nyingi hugonga mwamba. Nguvu hiyo haikukaa vizuri sana kwenye rekodi zake za mwanzo za studio. Zinasikika kavu na zimebanwa. Jukwaani ndipo anapofunguka, na ndiyo maana *Living in Clip*, albamu ya laivu ya mwaka 1997 yenye diski mbili, bado ndiyo namna bora ya kumjua. Unasikia anavyocheka, anavyoropoka na mashabiki, anavyokosea na kuendelea, na katikati ya hayo yote unapata "Both Hands" ikipigwa pamoja na okestra ya Buffalo Philharmonic. Wimbo ule alikuwa ameurekodi mwaka 1990 na gitaa tupu. Kuusikia ukirudi na okestra ya mji wake wa nyumbani, chini ya lebo yake mwenyewe, kunaeleza miaka saba ya kazi kuliko takwimu yoyote.

Michaelson amesomea uigizaji, na huenda ndiyo sababu kila neno lake linafika wazi. Piano ndiyo ala yake ya asili, ukulele ukaja baadaye. Ufundi wake mkubwa zaidi uko kwenye kupanga sauti: sauti ya pili na ya tatu zinaingia mahali usipotarajia, na katika "The Chain", kwenye albamu ya *Everybody* ya mwaka 2009, sauti zinafukuzana, moja ikianza kabla nyingine haijamaliza. Kuanzia *Lights Out* ya mwaka 2014 alielekea kwenye pop kubwa yenye ngoma na ala za umeme. Nyimbo nzuri zipo, lakini ule ukaribu ulipungua, na kwa anayetafuta muziki wa ndani sipendekezi aanzie hapo.

Kuhusu Lenker, lazima nisimulie albamu ya *songs*. Machi 2020 janga la Uviko lilikatiza ziara ya Big Thief. Lenker, aliyekuwa pia anauguza mapenzi yaliyovunjika, alikwenda kukaa kwenye kibanda cha mbao chenye chumba kimoja katika milima ya magharibi mwa Massachusetts. Anasema ndani ya kibanda kile alihisi kama yumo ndani ya gitaa lenyewe, akataka kuirekodi hali hiyo. Fundi sauti Philip Weinrobe akaja na mitambo ya kanda, na albamu nzima ikafanywa kwa kanda bila kompyuta. Ilitoka Oktoba mwaka huohuo, nyimbo kumi na moja, pamoja na albamu pacha ya ala tupu yenye vipande viwili virefu.

Matokeo yake ni rekodi ambayo chumba ni ala mojawapo. Unasikia ndege wa nje, unasikia mvua, unasikia mbao na pumzi. Hakuna ngoma wala besi. Anachomoa nyuzi kwa vidole, mfululizo, kwa mpigo usioyumba, na sauti yake nyembamba inapita juu yake, mara nyingine ikikwama kidogo kooni. Kwenye spika ya simu albamu hii haifai kabisa. Itasikika kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Tafuta hedifoni, tafuta saa moja isiyo na kelele. Huo ndio ugumu wake pekee wa kweli, kwa sababu Kiingereza chake, ingawa ni cha mafumbo, hakina haraka.

Kwa hiyo, nani kwa nani

Kama Kiingereza kinakuchosha au una muda mfupi mfupi, njiani au jikoni, anza na Michaelson. Chukua *Girls and Boys* ya mwaka 2006, kisha ruka moja kwa moja hadi *It Doesn't Have to Make Sense*. Zilizo katikati utazipata baadaye. *Stranger Songs* ya mwaka 2019 iache mwisho, maana aliitunga kwa kuchochewa na tamthilia ya *Stranger Things*, na ina raha zaidi ukishamjua mwimbaji mwenyewe. Michaelson pia ndiye wa kumpa mtu zawadi. Humwaibishi mpokeaji, humlazimishi kueleza alivyojisikia.

Kama una hasira, au umechoka kuambiwa upunguze sauti, au wewe mwenyewe ni msanii unayejiuliza kama kweli mtu anaweza kudumu bila kumuuzia mtu kazi yake, ni DiFranco. *Living in Clip* kwanza. Halafu *Not a Pretty Girl*, ambayo ina "32 Flavors", wimbo wake unaopendwa na hata wasiompenda. *Dilate* iweke kwa wakati utakapoihitaji, na utajua wakati huo ukifika. Nikiambiwa nichague msanii mmoja tu kati ya hawa wa kufuatana naye maisha yote, namchagua yeye, pamoja na albamu zake zisizokamilika. Anakua mbele yako, anabadili mawazo mbele yako, na kila kitu kimehifadhiwa.

Kama umeachwa hivi karibuni, au una huzuni ambayo hutaki mtu akutibu, sikiliza *songs* ya Lenker. Na nikiambiwa nitaje albamu moja tu iliyo bora kati ya zote za hawa watatu, ni hiyo, wala sisiti. Hakuna wimbo wa kuruka. Lakini usiipeleke kwa mtu anayehitaji kuchangamshwa, na usianze nayo kama bado hujawahi kukaa na gitaa na sauti peke yake kwa dakika arobaini. Wapo walioniambia nyimbo zote zinafanana. Walikuwa wameianza mapema mno. Wangepitia kwanza kwa Michaelson, sikio lingepata mazoezi.

Mtu asiyetaka muziki wa zamani ana njia nyingine, na inapendeza kwamba inawaunganisha wote. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kila mmoja alikuwa na jambo jipya. Machi, Lenker alitoa *Bright Future*, pana zaidi kuliko *songs*, ina piano na fidla, na inafunguka na "Real House", wimbo wa kumbukumbu za utoto anaomwimbia mama yake. Mwezi huohuo tamthilia ya muziki ya *The Notebook*, ambayo nyimbo zake zimetungwa na Michaelson, ilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Na tangu Februari DiFranco alikuwa Broadway vilevile, akicheza Persephone katika *Hadestown* ya Anaïs Mitchell. Huyo ndiye msanii niliyeahidi kumtaja: mwaka 2010, *Hadestown* ilipokuwa bado albamu tu, iliyoitoa ilikuwa Righteous Babe, na aliyeimba sehemu ya Persephone alikuwa DiFranco mwenyewe. Mwaka 2019 ikashinda tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki. Ukimaliza na hawa watatu, albamu hiyo ya 2010 ndiyo ya kufuata.